Vichwa vya Garratt na watoto wa landi: jinsi ya kuvijua, na jinsi ya kuviunda kwa mfano

Ukimuuliza mtu wa Mombasa aliyevuka miaka 50 kuhusu gari la moshi, atakusimulia mabehewa. Atakwambia kuhusu safari ya usiku, vitanda vilivyokunjuliwa ukutani, chakula cha jioni, na alfajiri ya Athi yenye pundamilia. Ukimuuliza mtoto aliyelelewa kwenye landi za Nairobi, atakusimulia kichwa. Mabehewa kwake ni mzigo tu unaofuata nyuma.

Mimi nimekuwa wote wawili. Nilizaliwa Mombasa, Majengo, na nikiwa mdogo marehemu baba akahamishiwa Nairobi na shirika la reli, tukapewa chumba Landi Mawe. Baba alikuwa fayamani, yaani mchochea moto, kwenye vichwa vya mvuke. Nayaandika haya kwa sababu vijana kadhaa wa huku pwani wameniuliza kuhusu vichwa vile, na mmoja akataka kujua kama mtu anaweza kuunda mfano wake kwa mikono bila kuagiza kitu Ulaya. Anaweza. Lakini kwanza ajue anaunda nini.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, na ziwani, pale Kisumu ya leo, Desemba 1901. Nairobi ilizaliwa na reli hiyo, na upande wake wa mashariki, unaoitwa Eastlands, una mitaa iliyojengwa kwa ajili ya watu wa reli: Muthurwa, Landi Mawe, Makongeni. Landi ni safu za vyumba vya wafanyakazi, na hata barabara ya Landhies imebeba jina hilo. Pembeni yake kuna Kaloleni na Pumwani, ambako sisi watoto wa Kiislamu tulipelekwa chuoni, karibu na Msikiti wa Riyadha. Nyumba yetu ilikuwa jirani na karakana kuu ya reli. Tuliamka kwa mlio wa mvuke na tulilala nao. Mama alianika nguo akiwa na jicho moja kwenye kamba na jingine kwenye upepo, maana moshi ukigeuka, kanga nyeupe ilirudi na madoa ya masizi.

Sasa vichwa vyenyewe. Enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kila aina ilikuwa na namba yake, na tarakimu mbili za mwanzo zilikwambia ukoo. Zile za 29, 30 na 31 zilikuwa vichwa vya kawaida, vyenye boila juu na magurudumu chini, navyo vilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. 2921 iliitwa Masai of Kenya, 3020 ikaitwa Nyaturu kwa jina la watu wa Singida, na 3123 ni Bavuma, jina la watu wa visiwa vya Ziwa Victoria. Za 60 zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na baada ya uhuru majina hayo yakabanduliwa. Sikumsikia mtu wa landi akiyalilia.

Lakini mfalme alikuwa 59.

Hizi zilikuwa 34 tu, kuanzia 5901 hadi 5934, zilizojengwa mwaka 1955 na 1956 na kiwanda cha Beyer, Peacock pale Gorton, Manchester. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki: Mount Kenya, Mount Meru, Mount Elgon, na kadhalika. Zilikuwa na urefu wa karibu mita 32, uzito wa takriban tani 250, na rangi ya damu ya mzee. Katika reli zote za mita moja duniani hapakuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi iliyo juu zaidi ya mita 1,600, safari ya kilomita 530. Anayejua mlima wa Mazeras na ukavu wa Taru atakubali kwamba hiyo haikuwa kazi ya kichwa cha kawaida.

Siri yake ni mpangilio. Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza, alipata hakimiliki ya wazo lake mwanzoni mwa karne iliyopita, na vichwa viwili vya kwanza vilijengwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Kwenye kichwa cha kawaida, boila limekaa juu ya magurudumu. Ukilinenepesha linagongana na magurudumu, ukilirefusha kichwa hakipiti kwenye kona. Garratt akasema, tuliondoe boila juu ya magurudumu. Akachukua injini mbili kamili, kila moja na silinda zake na magurudumu yake, akaziweka moja mbele na moja nyuma. Katikati akaning'iniza boila kwenye fremu yake, kama machela iliyobebwa na watu wawili. Mbele linakaa tangi la maji, nyuma mafuta, na kila ncha ya machela imeshikwa na egemeo linalozunguka.

Faida zake ni mbili. Kwanza, chini ya boila hakuna gurudumu, kwa hivyo linaweza kuwa nene na tanuri lake kuwa pana na lenye kina. Boila la 59 lilikuwa na kipenyo cha takriban mita 2.29, na reli iliyo chini yake ina upana wa mita moja tu. Pili, uzito unagawanywa kwenye magurudumu mengi. Zihesabu: nane ya kuvuta mbele, nane ya kuvuta nyuma, na madogo 12 ya kuongoza na kubeba, jumla 28. Reli ya wastani iliweza kumstahimili jitu huyu, na kwenye kona alijipinda kama chatu.

Mbali na hayo, mtoto wa landi alimtambua Garratt gizani kwa masikio. Injini mbili zilitoa mvuke wake kwenye dohani moja, lakini hazikufungwa pamoja. Basi wakati fulani milipuko yake ilikwenda sawa, chu, chu, chu, halafu moja ikaanza kuchelewa kidogo, ikawa chuchu, chuchu, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, kisha zikarudi kuwa pamoja. Tulipocheza treni uani, mtoto mmoja hakutosha kuwa 59. Walihitajika wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na aliyeshindwa kuchelewesha mlio wake vizuri alishushwa kuwa behewa.

Hapo ndipo ufundi wetu wa treni za mfano ulipoanzia, ingawa hatukujua kwamba kuna watu wanaouita hivyo. Boila lilikuwa mkebe wa Kimbo. Mabehewa yalikuwa mikopo ya dagaa iliyofungwa kwa waya, magurudumu ni vizibo vya soda. Namba tulizichora kwa msumari. Kulikuwa na sheria moja kali: huwezi kuandika namba ambayo hujaiona kwa macho yako. Mwenzangu mmoja aliandika 5928 na hakuweza kusema aliiona siku gani, akatozwa gololi zake zote.

Huko Ulaya mchezo huu ulikuwa umeshakuwa biashara tangu zamani. Märklin wa Ujerumani alipeleka seti zenye reli kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na ndiye aliyeanza kuweka vipimo vya reli vinavyolingana ili mnunuzi aongeze vipande mwaka hadi mwaka. Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza treni za kujaza kwa ufunguo mwaka 1920. Leo kipimo kinachotumika zaidi duniani kinaitwa H0, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87, reli zina upana wa milimita 16.5, na umeme wa volti 12 unapita kwenye reli zenyewe.

Ndugu yangu anayeishi London aliwahi kuniletea seti ya namna hiyo. Nilishukuru, nikaifunga mezani, nikaitazama ikizunguka. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya watu wengine. Hata reli yake haikuwa yetu. Milimita 16.5 ukizidisha kwa 87 unapata kama mita 1.435, upana wa reli ya Ulaya, na wa SGR yetu iliyofunguliwa mwaka 2017. Reli ya mita moja kwa kipimo hicho hutaka upana wa milimita 12, na ndiyo maana wanaounda treni za milima ya Uswisi hutumia milimita 12, mtindo unaoitwa H0m. Anayetaka 59 ya kuweka juu ya kabati afuate huo. Itakuwa na urefu wa sentimita 36 na kidogo.

Mimi sikufuata huo, kwa sababu macho yangu ni ya mzee na vidole vyangu havikuzoea skrubu za saa. Nilichagua kugawa kwa 20, na nakishauri kipimo hiki kwa yeyote wa kwetu. Hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya reli inakuwa sentimita 5 kamili. Kichwa kizima kinakuwa karibu mita 1.6. Gurudumu la kuvuta, ambalo kwa kweli lina kipenyo cha mita 1.37, linakuwa sentimita 7 kasoro kidogo, na boila linakuwa sentimita 11 na nusu. Nilipoupima mkebe wa Kimbo wa kilo moja nilicheka peke yangu jikoni. Ulikaribia sana kipimo hicho, na sisi tulikuwa tumekitumia miaka yote ile kwa kukisia tu.

Bati nilikatiwa Kamukunji, na fundi wa masanduku ya wanafunzi. Jua kali wa Kamukunji hawajaona treni za mfano lakini wanajua kukunja bati, kupiga ribiti na kulehemu kuliko mtu yeyote atakayekuuzia boksi la plastiki. Magurudumu makubwa ni vipande vya bomba vilivyozibwa kwa bati. Mota ni ya wipa ya gari kuukuu, ambayo hutumia volti 12, na betri ni ya bodaboda, imefichwa kwenye tangi la nyuma. Betri ndani ya kichwa inakuondolea taabu ya kupitisha umeme relini, maana reli ya fletibaa iliyolala kwenye ua wa vumbi haipitishi umeme wa kuaminika. Mota inasukuma injini ya mbele tu. Ya nyuma inafuata, na hapo nakiri nimemdhulumu Bwana Garratt.

Nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili yana faida kwa anayeanza.

La kwanza, niliifunga fremu ya boila kwa skrubu mbili kila upande, nikidhani itakuwa imara. Ikawa imara kweli. Ilipofika kwenye kona ya kwanza ilitoka relini na kulala ubavu kama ng'ombe wa kuchinjwa. Egemeo ni moja kila ncha, tena liwe legelege kiasi cha kuruhusu kuzunguka na kuinama kidogo, kwa sababu reli ya uani haijawahi kuwa sawa.

La pili ni la aibu zaidi. Nilipomaliza umbo na kupaka rangi, niliibeba hadi Makongeni nikamwonyeshe rafiki wa marehemu baba, dereva mstaafu ambaye walitoka naye Mombasa mwaka mmoja. Mimi humwita Ami. Ameshapungukiwa na kuona, kwa hivyo aliipapasa. Akaanza kwenye tangi la mbele, akashuka kwenye silinda, akahesabu magurudumu kwa kidole bila kukosea, akapanda kwenye boila. Alipofika kwenye dohani mkono ukasimama.

"Mwanangu, hii dohani umeivua meli gani?"

Nilikuwa nimetengeneza dohani ya duara. Nilikuwa nimeifuata picha ya kiwandani ya miaka ya 50. Ami akanieleza kwamba vichwa alivyoendesha yeye vilikuwa na dohani bapa, ndefu kwa ubavu na nyembamba ukiitazama kwa mbele, kama mdomo wa kasha la posta. Ni kazi ya mhandisi wa Austria, Giesl-Gieslingen. Badala ya tundu moja la kutolea mvuke, kulikuwa na matundu madogo yaliyopangwa kwa mstari, yakavuta hewa ya tanuri vizuri zaidi na kupunguza mafuta yanayochomwa. Reli ya Afrika Mashariki ilivifunga vifaa hivyo kwenye vichwa vyake baadaye. Kwa hivyo picha yangu haikudanganya. Ilikuwa ya mwaka mwingine. Baba hakuwahi kufanya kazi chini ya dohani niliyoitengeneza.

Hii ndiyo kanuni kubwa ya ufundi huu popote duniani: usiseme unaunda kichwa fulani, sema unaunda kichwa fulani cha mwaka fulani. Kichwa kina maisha. Kinabadilishwa taa, dohani, rangi, hata jina.

Ami aliendelea kuipapasa akafika kwenye kibanda cha dereva. Akaniuliza kiti cha fayamani kiko wapi. Sikuwa nimeweka. Akaniambia baba yako hakusimama kutoka Mombasa hadi Nairobi, kazi ilikuwa ya mafuta, si ya koleo, alikaa, mkono mmoja kwenye vali, macho kwenye moshi. Moshi mweusi ni mafuta yanayopotea, na moshi usioonekana kabisa ni hewa nyingi mno, kwa hivyo fayamani mzuri alitafuta ule wa kijivu hafifu kama pumzi ya asubuhi. Niliishi na baba miaka 20 na zaidi na sikuwahi kusikia habari hiyo.

Anayetaka kupima aende Makumbusho ya Reli ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1971, karibu na stesheni kuu. Katika zile 34 zimebaki mbili tu, na zote ziko hapo: 5918 Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na 5930 Mount Shengena, jina la kilele cha Upare. Nyingine zilikatwakatwa kuwa vyuma chakavu, maana kufikia mwaka 1980 kazi yao ilikuwa imekwisha. Gelai ilitiwa moto tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Nyaturu pia. Ukiwa hapo itazame 6006, mmoja wa wale magavana, na 5505, Garratt mdogo wa enzi ya Vita vya Pili. Watu wengi hukimbilia behewa alimouawa Ryall na simba pale Kima mwaka 1900. Nalo lina kisa chake, lakini litasubiri; limesubiri zaidi ya miaka 100.

Chukua futi ya kukunja na mwenzako wa kushika ncha ya pili. Pima kwanza urefu kati ya maegemeo mawili, kwa sababu hicho ndicho kipimo ambacho picha haikupi. Kisha nafasi kati ya ekseli moja na nyingine. Piga picha ukiwa umesimama sawa na kitu, si kwa mshazari. Uliza kwanza kabla ya kupanda. Tena nenda asubuhi, kabla chuma hakijapata jua.

Ila kuna vipimo ambavyo havipo makumbusho, na hivyo ndivyo vinavyoninyima usingizi. Wapenda treni wa Uingereza wana michoro ya 59 hadi ribiti ya mwisho, na kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966. Michoro haitapotea. Kitakachopotea ni kiti cha fayamani na rangi ya moshi, kwa sababu hayo yako kwenye vichwa vya wazee wa landi, na landi zenyewe zinaondoka. Muthurwa wapangaji walivunjiwa nyumba mwaka 2010, na kesi yao ikaamuliwa Mahakama Kuu mwaka 2013, jaji akisema haki zao zilikiukwa. Makongeni nako mipango ya majumba ya ghorofa imeingia. Wazee wa reli wanatawanyika, mmoja kwa mwanawe Kayole, mwingine Siaya, mwingine amerudi kwao Kaloleni ya Kilifi. Huko kila mmoja atakaa peke yake na asiyejua 59 ni nini.

Tangu siku ile nimekuwa nikienda kwa Ami kila Jumamosi baada ya Alasiri, na kichwa kwenye kiroba. Anakipapasa, ananiuliza, mimi naandika kwenye daftari la shule. Tumeshamaliza kibanda. Kiti kipo sasa, ni kipande cha mti wa mwembe, na vali imetengenezwa kwa ncha ya kalamu. Dohani mpya ya bapa iko Kamukunji, fundi amenikatia mara mbili na mara zote mbili Ami ameikataa, ati bado ni nene. Wiki hii naipeleka ya tatu.